Siwaoni Mawinga

Mke wangu, Mama Upendo,

Barua zako za zamani, wakati ule uko kwenu Shume nami niko Mlola, zilikuwa na salamu mpaka katikati ya ukurasa. Uliniulizia hali, ukamuulizia mama, ukaulizia mbuzi na mahindi, hata yule jirani ambaye hukumpenda, ndipo ukafika kwenye neno lako. Leo nisamehe, siwezi. Nikianza na salamu nitazunguka nazo mpaka karatasi iishe, na jambo lenyewe litabaki kifuani. Nimeshazunguka hivyo miaka minne na wewe ndiye shahidi.

Jambo lenyewe ni hili. Macho yangu hayaoni pembeni, nimewaficha watu wote, na sasa kuna kijana wa watu amelala hospitali na goti limeharibika. Kesho Jumamosi timu ya chuo inacheza. Baada ya kesho zinabaki mechi mbili, kisha nastaafu. Nikifunga mdomo, siku zitapita. Nitapewa cheti na blanketi, na mkuu wa idara ameshaninong'oneza kwamba kutakuwa na keki yenye umbo la uwanja. Nikifungua mdomo, sijui kitakachotokea. Tangu Jumamosi iliyopita moyo unanienda mbio kama wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini bila kuambiwa kosa lake. Chai naimimina, naiangalia inapoa, naimwaga, namimina nyingine.

Nimeamua barua hii iwe ya wazi. Nataka niibandike kwenye ubao ulioko nje ya ofisi ya michezo, mahali pale pale ninapobandika majina ya wachezaji kumi na mmoja kila Ijumaa. Nimesema nataka, sijasema nitaweza. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe peke yako sijawahi kukudanganya nikafanikiwa. Hao wengine wasome juu ya bega lako.

Unakumbuka nilivyoanza? Karani wa maktaba, suruali moja ya kazini, viatu vilivyokuwa vinacheka mbele. Chuo kilikuwa kichanga na wanafunzi hawajai kanisa. Mtu mmoja ofisini akasikia kwamba niliwahi kucheza timu ya wilaya, basi nikaitwa nikapewa filimbi, mipira miwili na barua ya uteuzi isiyotaja mshahara wa nyongeza. Nilirudi nyumbani nimevaa ile filimbi shingoni. Ukaniuliza, "Umepandishwa cheo au umefanywa mlinzi?" Sikujua jibu. Miaka ishirini na mitatu imepita na siku nyingine bado sijui.

Uwanja wenyewe unaufahamu. Juu ni ngema, ukuta wa mlima, chini ni mashamba ya kabichi, na mpira ukitoka upande wa chini hausimami mpaka mtoni. Sheria yangu ya kwanza ilikuwa kwamba aliyeupiga ndiye anayeufuata. Watu wa timu nyingine walikuwa wanasifu chuo chetu kwa pasi fupi za chini, wanasema kocha ana falsafa. Falsafa gani? Vijana waliogopa kupanda mlima.

Tulifungwa sana miaka ile ya mwanzo. Kulikuwa na kocha mmoja wa timu ya tambarare, mtu mwenye masikio ya sungura, kila nilichowaambia vijana wangu kwa sauti alikidaka akakipangia dawa kabla hawajakifanya. Nikaja nyumbani nalalamika. Wewe ulikuwa unamenya viazi, hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Sasa we mgosi, lugha ya mama yako umeiacha Mlola?"

Ndivyo ilivyoanza. Nikawafundisha maneno ya Kishambaa, machache tu, vijana wa Bukoba na Mbeya na Unguja, wakayakariri kama watoto wa kipaimara. Makubwa yalikuwa mawili. Ita, yaani nenda, panda mbele. Na kaya, yaani nyumbani, rudini mlinde. Yule kocha wa masikio alipokuja tena, akanisikia nikipiga kelele "Kaya! Kaya!" mechi nzima, mwishoni alinifuata akaniuliza kwa adabu kama siku hizi nafanya na kazi ya kuandikisha kaya za kijiji. Tulikuwa tumemfunga mbili bila.

Lakini "ita" lilikuwa neno lenye mtego, maana kwa Kiswahili ni jambo jingine kabisa. Yule kijana mgeni kutoka Songea, mwaka wa kwanza, hata mazoezi mawili alikuwa hajamaliza. Ana mpira mguuni, mbele yake peupe, namwambia "Ita! Ita!" Akausimamisha mpira, akaukanyaga, akaweka viganja mdomoni akaita kwa nguvu zake zote, "Juma! Juma weee!" Juma akaitika. Wakati wanaitana, wenzetu wakauchukua mpira wakaenda kufunga. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye majani na kanga yako ikalowa umande. Mimi nilikasirika, lakini nikaanza kucheka siku ya tatu, tukiwa tunakula.

Tangu hapo, kila wapya wanapoingia, somo la kwanza ni hilo: hapa ita maana yake nenda.

Nisijisifu sana. Kombe la kanda tulilichukua mara moja. Fainali nyingine mbili tulifika tukarudi tunaimba nyimbo za kujifariji. Lakini wamepita vijana mikononi mwangu, Mama Upendo, na wewe uliwajua kuliko mimi, kwa sababu jezi zao ulizifua wewe. Ulikuwa unashika jezi unasema, "Huyu wa saba ameanza kuogopa, jezi yake haina udongo." Unakuta kweli. Ukungu wa huku haukaushi nguo, basi Jumamosi asubuhi unazipiga pasi ya mkaa moja moja, nyumba nzima inanuka mvuke, na vijana wanavaa jezi za moto kwenye baridi. Mmoja wao sasa ni hakimu. Akipiga simu hataji kombe, anataja zile jezi.

Macho yalianza na kikombe. Ulikiweka mkono wa kushoto kama kawaida, nikakipiga kiwiko. Siku ya pili nikakipiga tena. Ukakihamishia kulia. Kisha mwimo wa mlango, kisha bega la Upendo alipokuja likizo, kisha yule mchungaji mstaafu tuliyepishana naye barabarani kule Magamba. Mzee wa watu amesimama pembeni na fimbo yake anangoja shikamoo, mimi nikapita kama gari la serikali. Huku kwetu hilo si jambo la kusahaulika. Jumapili yake watu wanasema mwalimu siku hizi amepandisha mabega. Wewe ulijaza kikapu peasi ukaenda kuniombea msamaha, ukamwambia nilikuwa na mawazo ya mechi. Ulirudi, ukakaa, ukaniangalia. "Nimemdanganya mtumishi wa Mungu kwa ajili yako. Sitadanganya mara ya pili. Twende Moshi."

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Akasema ni presha ya macho, na kwamba inakula kuanzia pembeni. Nitaona mbele, nitasoma, nitaandika, lakini kingo zitazidi kusogea ndani mpaka niwe kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Matone haya, asubuhi na jioni, ni ya kulinda kilichobaki. Akaniuliza kama nina swali. Nikauliza, mpira nitauona? Akasema, "Mpira utauona, mzee."

Nilitoka pale nimefurahi kama nimepewa nafuu. Tukapanda basi. Tumefika Mombo, gari linaanza kupanda, ndipo ukasema taratibu, "Baba Upendo, mpira hauvunjiki mguu. Wanaovunjika ni watoto wa watu."

Nilikusikia. Usidhani sikukusikia.

Nikakuomba msimu mmoja tu. Ukakataa, kisha ukakubali kwa masharti yako. Ukawa unakuja uwanjani kila mechi na mwavuli na sweta lako la kufuma ambalo halikuisha, unakaa nyuma ya benchi, na midomo yako haipumziki. "Kulia yuko peke yake." "Kushoto wamembana, anaomba msaada." "Huyo wa tatu anachechemea, mtoe." Mimi nageuka mbele napiga kelele, "Ita!" Watu wanashangaa. Wakasema kocha ana macho kisogoni. Walisema kweli, na macho yenyewe yalikuwa yanafuma sweta.

Msimu mmoja ukawa miwili, ukaniuliza kila mwezi, utawaambia lini? Nikasema msimu ukiisha. Ukasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nikakujibu kwamba presha ya macho haiui. Basi moyo wako ukatangulia, wewe ambaye hukuwahi kuficha hata mafua. Siku ya mazishi vijana walikubeba wao, hawakukubali wengine, na mvua ile yote. Msimu ukaisha. Sikuwaambia.

Unataka kujua nilivyoweza misimu miwili bila wewe? Kwa ujanja wa aibu. Nikawa natembea kwenye mstari, huku na kule, mechi nzima, nageuza shingo kama kuku. Wakanisifu kwa nguvu zangu, mzee haketi. Siku za ukungu ndizo zilizokuwa siku zangu njema kwa sababu wote tulikuwa sawa, refa na mshika kibendera na mimi. Halafu nikaona vijana wenyewe wameanza kuwa na kelele. Anayepokea mpira anataja jina lake. Anayepanda kulia anataja jina lake. Uwanja mzima umekuwa kama mahudhurio darasani. Nikafurahi, nikamwambia msaidizi wangu, Mwalimu Tito, unaona, hawa wamekomaa, wanawasiliana. Tito akainama akafunga kamba ya kiatu.

Sasa nifike kwenye Jumamosi iliyopita. 

Kuna winga wetu wa kulia anaitwa Deo, humjui, amekuja baada yako. Mtoto wa Sengerema, mrefu, mpole, anasema shikamoo hata kwa mtu waliyeachana naye saa moja kabla. Ungempenda na jezi yake ingekupa kazi. Tulikuwa tunalingana moja moja, zimebaki dakika kama ishirini. Upande wa kulia kukawa kimya. Nikageuza shingo, sikumwona. Nikadhani amechoka anajificha, nikachukia. Mpira ukaja upande ule, nikapiga kelele, "Ita! Deo, ita!" Nikasikia miguu inakimbia, kisha nikasikia kitu ambacho sitaki kukiandika, kisha akalia mara moja tu.

Mwalimu Tito alinieleza baadaye. Kijana alikuwa ameumia goti dakika kadhaa nyuma. Alisimama kwa mguu mmoja pale kwenye mstari, akainua mkono, akaushikilia juu. Anangoja nimtoe. Badala yake nikamwambia nenda, na yeye ni mtoto mtiifu, akaenda.

Nilikwenda naye hospitali nikiwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari na kichwa chake mapajani. Ameshapewa dawa ya maumivu, anaongea taratibu. Akasema, "Kocha, nilikuonyesha mkono."

Nilikuwa na nafasi, Mama Upendo. Ilikuwa mbele yangu kabisa, siyo pembeni. Nikamwambia, "Nilikuona, mwanangu. Nilidhani unaomba mpira."

Akasema, "Sawa, kocha. Samahani."

Hiyo samahani ndiyo inayonila. Mtu ameharibika goti halafu ananiomba radhi kwa kuinua mkono vibaya. Wiki nzima simu ikilia nashtuka. Jumatatu akapiga baba yake kutoka Sengerema, nikafikiri leo ndiyo leo. Mzee wa watu akanishukuru. "Mwalimu, tunashukuru unavyotutunzia kijana. Mungu akuzidishie." Nikasema amina. Nilisema amina, unasikia? Jumanne akapiga Upendo kutoka Dodoma, akauliza matone naweka? Nikamwambia naweka, na macho yanaendelea vizuri. Jumatano mkuu wa idara akanisimamisha kwenye ngazi kuniuliza keki iwe na rangi gani ya nyavu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa imefika miaka minne na bado watu wananisukuma mgongoni niendelee.

Nilijiambia mechi tatu tu. Nitawaweka mawinga karibu, nitamwachia Tito kulia, mimi nitaangalia kushoto. Nikachora kwenye daftari. Nilipomaliza kuchora nikaona nimewapanga wachezaji wote katikati ya uwanja, kumi na mmoja, wamesongamana kama watu wanaoota moto. Nikafunga daftari.

Jana alasiri akaja nahodha, Omari, kipa, kijana wa Muheza. Amekuja kuchukua majina ya kesho. Alisema shikamoo, akakaa kwenye kile kiti chako cha kambaa, nikampa viazi na chai. Sikupanga. Nilikuwa namwambia asisahau glovu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Omari, mimi sioni. Pembeni sioni kabisa. Deo sikumwona."

Akaweka kiazi kwenye sahani. 

"Kocha," akasema, "tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba huoni. Tangu mama alipofariki. Mechi ya kwanza tu bila yeye, ulimpigia kelele Frank apande, na Frank ulikuwa umeshamtoa."

 Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akasema walifikiri nitaumia, na kwamba kila mtu alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza. Basi wakakaa bwenini wakapanga jambo lao.

"Mimi ni Mbondei, kocha. Ita naijua tangu tumboni, ni nenda. Lakini tulikubaliana, ukisema ita, twende, na tuite pia. Kila mtu aite jina lake, ujue yuko wapi."

Yaani mahudhurio yale, Mama Upendo. Ule ukomavu nilioutangaza kwa Mwalimu Tito akainama kwenye kiatu chake. Lile kosa la kijana wa Songea lililokukalisha kwenye majani, wao walilichukua kwa makusudi wakalifanya fimbo ya kunitembezea.

"Na Deo?" nikauliza.

"Deo siku ile hakuita. Alikuwa ameuma kola ya jezi kwa maumivu." Akaisogeza sahani kando. "Kosa ni letu, kocha. Sisi ndio tuliokuficha."

Nikakasirika, sikufichi. Nilisimama nikapiga meza, chai ikamwagika. Nikamwambia nani amewaomba, mimi ni mtu mzima, afadhali mngeniaibisha mbele ya chuo kizima siku ile ya Frank, leo kijana angekuwa anatembea. Omari alivumilia. Kelele zangu zilipoisha nikajisikia nimechoka, maana niliona nilikuwa nagombana na mtu aliyefanya kile kile nilichofanya mimi, na kwa sababu nzuri kuliko yangu. Mimi niliwaficha ili nisiache benchi. Wao walinificha ili nisilie. Goti la Deo likaangukia katikati yetu.

Halafu, Omari ameshafika mlangoni, jambo jingine likanipiga. Nikamwita. "Deo naye alijua? Kwamba sioni?"

"Wote tulijua, kocha."

Kwa hiyo pale kwenye gari, niliposema nilikuona mwanangu, alijua kwamba namdanganya. Akasema sawa. Akanifunika aibu yangu kwa mguu uliovunjika, mtoto wa miaka ishirini na mbili.

Naacha kidogo. Ni karibu saa sita, hospitali wanaruhusu kuona wagonjwa. Nikirudi nitaendelea, au nitaichoma.

Nimerudi.

Nilitembea kwa miguu. Nilipita pale penye matope nikiwa nashika ukuta kwa mkono wa kushoto, mchana kweupe, na waliotaka kuniona wakaniona. Watu wawili walinisalimia pembeni, nikasimama, nikageuka mwili mzima, nikaitika marahaba ya kutosha. Mmoja akaniuliza kama shingo inaniuma. Nikamwambia siyo shingo, ni macho, sioni pembeni. Nilisema hivyo kwa muuza karoti ambaye simjui jina. 

Deo yuko kitanda cha dirishani. Mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Wanangoja uvimbe upungue ndipo apelekwe Moshi. Alitaka kujiinua anipe shikamoo, nikamzuia. Nikavuta kiti, nikakiweka mbele yake hasa, ili nimwone wote.

Nikasema, "Deo, sikukuona. Niliposema nilikuona nilikudanganya. Ulifanya sawa kuinua mkono."

Akanitazama.  Akauliza, "Goti litarudi kama zamani?"

Ulimi ulitaka kusema litarudi. Ndivyo makocha tunavyosema, nimesema hivyo kwa miaka ishirini na mitatu. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Madaktari nao hawajui bado."

Akageukia dirisha. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Sikumbembeleza kwa maneno, nilishika ule mguu wake usio na plasta juu ya blanketi, tukakaa hivyo. Baadaye akajifuta na shuka akasema, "Leo umeniambia ukweli mara mbili." Hakusema amenisamehe. Nami sikumwomba, niliona kumwomba saa ile ni kumtwisha kazi nyingine.

Nimempigia baba yake nikiwa pale pale, mbele yake. Alinisikiliza nikimweleza yote. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwalimu," akakata. Nastahili hiyo. Upendo nitampigia jioni na najua atalia, kisha atanifokea kwa sauti yako.

Nimemwambia Mwalimu Tito kwamba kesho benchi ni lake, na mechi mbili zilizobaki pia. Nimemwomba Omari aiachie barua hii nafasi ya pini nne kwenye ubao. Nikimaliza mistari hii naipeleka mwenyewe. Keki wataamua wenyewe.

Usifikiri nimetulia. Naogopa. Naogopa watakaposimama kuisoma. Namwogopa mkuu wa idara, naogopa jina langu likitajwa siku zijazo watu wataanza na goti la Deo kabla ya kombe, na labda ndivyo inavyostahili. Zaidi ya yote naogopa hiyo kesho yenyewe. Sijawahi kukaa nyumbani siku ya mechi. Sijui mtu anashika nini mkononi saa nne asubuhi, Jumamosi, kama hashiki filimbi.

Nilimwambia Deo hivyo hivyo, nikiwa nimeshasimama kuondoka. Akasema basi njoo hapa, tukae wote, nitakutangazia mechi. Nikamwambia wewe kijana, uko wodini, kutoka hapa uwanja huuoni.

Akasema, "Si kama wewe tu, kocha."

Nitakwenda. Nitamchukulia na peasi.

Lala salama, mama. Umenisubiri sana niseme.

Mumeo,
Baba Upendo